Kupiga Goti na Ndoo Kichwani

Miaka mitatu mizima nilimfanya Tupokigwe kuwa mlinzi wa masweta. Naanza na aibu hiyo kwa sababu sipendi msimulizi anayejipamba. Nilikuwa mwalimu wa drili, yaani mazoezi ya viungo, katika shule moja ya watoto pale Mbeya, na kila asubuhi, baridi ikiwa bado kali, watoto mia moja na ishirini walivua masweta na mashuka yao, wakayarundika barazani, na mtoto mmoja akaachwa kuyalinda. Huyo mmoja alikuwa Tupokigwe, binti wa mjane Atuganile. Mguu wake wa kushoto ulipooza alipokuwa na miaka minne, ukabaki mwembamba na mlegevu, na mimi nilijiona mwema kwa kumpa mahali pa kukaa.

Siku moja mwaka 1956, akiwa darasa la nne, alinijia akiegemea fimbo yake.

"Mwalimu," alisema, "masweta hayajawahi kuibwa hata siku moja. Naomba kazi nyingine."

Nilimfokea. Mimi ni mtu wa kufoka. Watoto waliniita Sajini, mji mzima ukafuata, hata jina langu la Sedekia likabaki la kanisani tu. Nikamwambia arudi barazani. Alirudi bila kununa, akakaa juu ya lile rundo akinitazama kipindi chote, na mimi nikakosea kuhesabu mara mbili mbele ya darasa.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Vitani Burma nilivunjika paja, nikalala hospitali ya askari huko India miezi minane, na kwa miezi miwili ya mwanzo nilitaka kufa tu. Aliyeniamsha alikuwa koplo mmoja wa Nyasaland mwenye mkono mmoja. Alituketisha chini kwa duara, sisi tusio na miguu na sisi wenye miguu isiyofaa, akaturushia mpira na kututukana kila tulipoukosa. Alitufundisha kujikokota, kupanda kitandani, kusimama, na kuanguka bila kuumia. Nilitoka pale natembea. Halafu nikarudi kwetu, nikapewa filimbi na kaptula ya kazi, nikaona mtoto mwenye mguu mbovu, nikamwekea masweta.

Jumamosi iliyofuata nikaanzisha drili ya pili. Wanafunzi walikuwa watatu: Tupokigwe, Asukile, ambaye ndui ilimpofusha, na Yunusu, mtoto wa muuza kahawa, aliyeungua moto mkono wake wa kulia ukajikunja usinyooke tena. Asukile nilimtengenezea mpira wa kopo lenye kokoto ndani ili ausikie ukija, na baada ya mwezi mmoja alikuwa akiudaka vizuri kuliko mimi. Yunusu nilimfundisha kurusha kwa kushoto. Watu wazima walikuja kuchungulia uani wakidhani ni kichekesho cha bure, nami nikawatimua kwa filimbi.

Tupokigwe ndiye aliyekuwa mgumu, maana mguu usiobeba mwili hauwezi kufanya drili yoyote. Nikampeleka kwa Rasik, fundi baiskeli.

"Sajini," Rasik alisema, "mimi fundi baiskeli. Mguu ya mtu sijui."

Lakini alishachukua uzi, na huku akilalamika akaupima ule mguu mara tatu. Baada ya wiki moja alituletea chuma: vipande viwili vya uma wa baiskeli, vikishuka pande zote mbili za mguu tangu pajani mpaka kwenye kiatu, na mikanda ya ngozi iliyotoka kwenye tandiko la zamani. Akaongeza na gongo la kuegemea kwapani, lenye kitako cha mpira wa gari.

"Hii haikunji goti," akatuonya. "Nikiweka bawaba, mtoto ataanguka. Hii inasimama tu."

Tupokigwe alisimama. Alisimama katikati ya duka la Rasik, kati ya magurudumu na minyororo, akatazama chini kwenye viatu vyake viwili vilivyokuwa vimekanyaga sakafu pamoja. Rasik akageuka akatafuta kitu ndani ya droo ambacho hakikuwamo.

Kutembea tulikufanya kwa hesabu, maana bila hesabu mimi si mwalimu. "Gongo! Chuma! Mguu! Gongo! Chuma! Mguu!" Uwanja wa shule ulisikia wimbo huo hadi ukachoka. Alianguka, nikamtukana kama koplo wangu alivyonitukana mimi, akacheka, akainuka kwa kushika nguzo ya goli. Nilimpenda mtoto yule. Sikujaliwa wa kwangu, na sikuwa nimejua kwamba mtu mzima wa miaka arobaini anaweza kuisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri Krismasi.

Mwezi wa kumi ikaja barua. Tupokigwe alikuwa wa pili katika mtihani wa darasa la nne, wavulana na wasichana wote pamoja, na alichaguliwa kwenda shule ya kati ya wasichana, ya kuanzia darasa la tano, shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Iringa. Hiyo ilikuwa aya ya kwanza. Aya ya pili ilisema wamesikia kuwa binti huyu ni kilema. Wasichana wa shule hii, barua ilisema, huteka maji mtoni, hulima shamba la shule na hufanya drili. Binti aje Januari, siku ya kufungua shule, ajaribiwe. Kama hawezi kazi hizo bila msaada, nafasi yake atapewa mwingine aliye kwenye orodha.

Atuganile aliniletea barua ile akiwa ameikunja mara nane. Alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, muuza ndizi sokoni.

"Sajini," alisema, "huyu asipokwenda shule, atakwenda wapi? Nani atamwoa? Shamba letu ni mlima mtupu. Nikifa mimi, atakula nini?"

"Atakwenda," nikasema. "Tuna miezi mitatu. Jeshini tulifundishwa kuua kwa muda mfupi kuliko huo."

"Basi mfundishe maji," akasema. "Hayo mengine atajua."

Nilicheka. Maji ndiyo niliyoyaona madogo kuliko yote. Nikachukua ndoo, nikaijaza mchanga hadi nusu, nikamwekea kichwani juu ya kata ya khanga kuukuu, tukaanza kuhesabu. Baada ya wiki mbili alikuwa anazunguka uwanja mzima na mchanga wake. Nikamwita Atuganile aje aone. Alitazama, akashika kiuno, akacheka mpaka machozi.

"Sajini wangu," alisema, "mchanga umelala usingizi. Maji yanacheza."

Akaumwaga mchanga, akajaza maji. Hatua ya nne tu maji yakapiga ukingo, Tupokigwe akalowa mpaka kwenye chuma. Mama yake akachuma tawi la majani, akaliweka juu ya maji ili yatulie, akamwonyesha namna ya kuiacha shingo ifuate ndoo badala ya kushindana nayo. Nikajifunza pamoja na mwanafunzi wangu, nikinung'unika. Nilikuwa nimeshafika umri huo nikiyanywa maji kila siku, na sikujua kwamba juu ya ndoo huwekwa jani kwa sababu.

Lakini katika jambo moja sikumsikiliza Atuganile. Kila mara alipotaka kumtwika mwanawe ndoo kichwani, nilimzuia.

"Barua imesema bila msaada," nilimwambia. "Ajitwike mwenyewe."

"Kujitwika ndoo iliyojaa? Sajini, hata mimi…"

"Bila msaada, Mama Tupokigwe! Unajua kusoma wewe au mimi?"

Alininyamazia kama mke anavyomnyamazia mume mjinga, ingawa hatukuoana. Basi majuma sita, mvua zikianza na uwanja ukigeuka tope, Tupokigwe alijifunza kujitwika. Aliegemea gongo kwapani ili mikono yote miwili iwe huru, akapandisha ndoo kwenye jiwe, kutoka jiweni mpaka kifuani, kutoka kifuani mpaka begani, halafu akaingiza kichwa chini yake kwa mara moja. Ndoo ya kwanza ilinimwagikia mimi. Ya pili ilimpasua mdomo. Nilitaka kuacha siku hiyo, naye akajifuta damu kwa kiganja na kusema, "Jiwe, kifua, bega. Hesabu basi, Mwalimu." Nikahesabu. Karibu na Krismasi alijitwika mara tano mfululizo bila kumwaga zaidi ya kikombe kimoja, na mimi nikapuliza filimbi mpaka majirani wakatoka nje.

Nilimwekea sheria moja kubwa: mzigo ukiwa kichwani, asiiname kamwe. Macho mbele, mgongo wima, songa mbele. "Ukiinama umekwisha," nilimwambia kila siku, na kila siku aliitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Tulikwenda Iringa kwa basi, siku mbili njiani kwa sababu ya tope, mimi na yeye tu. Atuganile hakuweza kuacha ndizi zake. Nilimkagua chuma chake kila tuliposimama. Yeye alishika sanduku lake la bati magotini na kuuliza jina la kila kijiji. Tulipofika, Bibi Mkuu wa shule, mama wa Kizungu mrefu aliyevaa viatu vya kiume, alitupokea kwa adabu akiwa na daftari mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alimtazama mtoto usoni kwanza, ndipo akatazama mguu, na watu wengi niliowajua walifanya kinyume chake.

"Nitakuwa mkweli, Mwalimu," aliniambia kwa Kiswahili kizuri. "Napenda afaulu. Lakini nikimpokea kwa huruma, nitakuwa nimemnyima haki mwenzake."

"Hatutaki huruma," nikajibu.

Asubuhi alifanya drili pamoja na wasichana wapya, mikono juu, mikono chini, kugeuka, kutembea kwa mstari. Alibaki nyuma hatua moja tu. Kisha shamba. Alitanguliza mguu wa chuma, akaegemeza nyonga kwenye gongo, akapiga jembe na kumaliza tuta lake akiwa wa tano kati ya tisa. Bibi Mkuu aliandika, na kutoka pale nilipokuwa nimesimama niliona anaandika akitabasamu. Baada ya chakula cha mchana, mvua ikiwa imekatika, wakatumwa maji.

Mto ulikuwa bondeni, haukuonekana kutoka shuleni. Mimi na Bibi Mkuu tulisimama nusu ya njia, kwenye kona, ili tuwaone wakipanda. Tulisubiri kama robo saa. Nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ile. Halafu wakatokea, wasichana tisa kwa mstari mmoja na ndoo vichwani, na wa tisa alikuwa wangu. Shingo yake imetulia, mgongo wima, midomo inahesabu. Gongo. Chuma. Mguu. Jani limekaa juu ya maji kama lilivyowekwa. Nilijisemea, Sedekia, umeshinda.

Ndipo wazee wawili wa kamati ya shule wakaja wakishuka njia ile ile kutoka juu. Aliyetangulia aliitwa Mzee Saulo, Mhehe wa Kihesa, amevaa koti refu la jeshi. Msichana wa kwanza alipomwona, akajitenga pembeni ya njia, akakunja magoti yote mawili mpaka yakagusa tope, mgongo haukuinama, ndoo haikutikisika, akasema, "Kamwene, baba." Akaitikiwa, akainuka, akaendelea na safari. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wa tatu. Wa nne.

Ndipo nilipogundua kosa langu. Mimi ni Mnyakyusa. Kwetu msichana anayesimama wima mbele ya mtu mzima na kumsalimia hivyo hajalelewa, na kwa Wahehe ni hivyo hivyo. Tangu nilipoota ndevu nimepigiwa magoti mara kumi kwa siku, na wanawake wenye kuni, wenye watoto mgongoni, wenye maji, na hata siku moja sikujiuliza jambo hilo linafanywaje. Nilikuwa nimemfundisha Tupokigwe kutembea, kulima, kudaka mpira, hata kuanguka. Sikumfundisha kile ambacho kila msichana wa nchi hii anakifanya tangu anapojua kusema. Na yeye hakuwahi kukifanya, maana tangu akiwa na miaka minne kila mtu alimwambia, wewe mgonjwa, usihangaike, salimia hivyo hivyo tu.

Wa nane akainuka. Akabaki Tupokigwe na Mzee Saulo, wanatazamana.

"Usiiname!" nilipiga kelele kwa Kinyakyusa. "Songa mbele!"

Alinisikia, najua. Hakuwahi kuvunja amri yangu hata moja. Akajitenga pembeni ya njia kama wenzake, akakita gongo, akausukuma mguu wa chuma mbele yake, na kisigino kikachora mfereji kwenye tope. Akashuka kwa mguu wa kulia peke yake, polepole, paja linatetemeka. Ndoo iliyumba. Mkono mmoja ukapanda ukaishika. Goti la kulia likagusa chini.

"Kamwene, baba," alisema.

 Mzee Saulo aliutazama ule mguu wa chuma ulionyooka mbele yake njiani, akautazama uso wa mtoto. Kisha akavua kofia, jambo ambalo hakuwafanyia wale wanane, akamwitikia salamu ndefu, yote, ya kwao. Akamuuliza ametoka wapi, ni mtoto wa nani, nyumbani hawajambo, mvua imenyesha Mbeya? Wazee wa Kihehe hawana haraka wakishaanza. Tupokigwe alijibu kila swali, jasho likimtiririka, na mimi nikihesabu kimoyomoyo kama mtu aliyezama anavyohesabu pumzi.

"Haya, mwanangu, inuka," mzee alisema.

"Baba," Tupokigwe akasema, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "kushuka nimeshuka. Kuinuka mwalimu wangu hakunifundisha."

Wasichana walicheka, wazee wakacheka, na wote wakanigeukia mimi. Ningefurahi ardhi inimeze pale pale na filimbi yangu. Niliruka kwenda kumshika, Bibi Mkuu akanyoosha mkono.

"Bila msaada, Mwalimu," alisema taratibu.

Nikasimama. Lakini yule msichana wa nane, mrefu, mwenye mwanya, hakuwa amesoma barua yoyote. Alitua ndoo yake, akarudi nyuma, akaitoa ile ya Tupokigwe kichwani kana kwamba ni jambo la kila siku. Tupokigwe akashika gongo kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika mwenzake kiunoni, akajikongoja, akateleza, akasimama, goti jeusi kwa tope. Yule mrefu akamtwika ndoo yake, akamrekebishia jani, na wakaondoka pamoja. Hakuna tone lililomwagika. Nikamwona Bibi Mkuu akifungua daftari na kuandika mstari mmoja mfupi, na safari hii hakutabasamu.

Juu, mbele ya jiko la shule, alituita sote, wazee wa kamati wakiwapo maana walirudi kushuhudia.

"Drili amefaulu. Shamba amefaulu vizuri sana," alisema. "Katika maji amesaidiwa. Mimi nilisema bila msaada, na nimeandika nilichokiona. Nasikitika mno, Tupokigwe."

Mtoto hakulia. Alikuwa ameshika gongo lake na kutazama ndoo yake iliyojaa, imepangwa pale pamoja na nyingine nane. Mimi ndiye niliyefumbua kinywa, na yale niliyotaka kusema yangemfungia shule zote za Tanganyika. Bahati yetu Mzee Saulo alinitangulia.

"Bibi," alisema, "naomba niwaulize hawa watoto." Akawageukia. "Kule mtoni leo, nani amejitwika ndoo yake mwenyewe? Asiyetwikwa na mwenzake ainue mkono."

Walitazamana. Yule mwenye mwanya akaangua kicheko kwa mshangao, kama aliyeulizwa nani amejizaa mwenyewe. "Babu, haiwezekani! Tunatwikana. Ndoo imejaa!"

"Hakuna hata mmoja?"

Mkono mmoja uliinuka, polepole, kwa kuona haya. Ulikuwa wa Tupokigwe.

"Alikataa nisimguse," yule mwenye mwanya akadakia. "Alisema mwalimu wake amemkataza. Tulisimama tukamtazama. Aliipandisha kwenye jiwe, halafu hapa, halafu hapa," akaonyesha kifua na bega, "tukampigia makofi!"

Bibi Mkuu aliligeuzageuza daftari lake mikononi. Alikuwa na miaka minane katika shule ile, na sasa nilijua kwamba hakuwahi kushuka mpaka mtoni wakati wa maji. Sikuwa na haki ya kumcheka. Pale mbele ya jiko tulikuwa wajinga wawili, mmoja mwenye daftari na mmoja mwenye filimbi, na wote wawili hatujawahi kubeba ndoo.

"Kama ni bila msaada," Mzee Saulo alimalizia, "basi abaki huyu mmoja, na hawa wanane warudi makwao."

Alicheka kwanza Bibi Mkuu mwenyewe, akawa mwekundu mpaka shingoni. Akafungua daftari, akaukata ule mstari kwa wino, akaandika mwingine, kisha akanipa nisome. Ulisema: *Anateka maji pamoja na wenzake.* "Atabaki kuanzia leo," akaniambia. "Kitanda chake kipo."

Kuanzia leo! Nilikuwa nimeipigania siku ile miezi mitatu, na sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba nikishinda nitarudi peke yangu.

Alinisindikiza mpaka kwenye lango. Nilianza kumpa maagizo, kwa sababu mtu anayetoa maagizo haonekani usoni. Apake mikanda mafuta kila Jumamosi. Chuma kisilale kwenye mvua. Kitako cha gongo kikiisha aandike, Rasik atatuma kingine. Asikubali tena kufanywa mlinzi wa kitu chochote. Kuhusu kutwikwa, nilisema, nilikosea, amruhusu mwenzake.

"Umemaliza, Mwalimu?" aliniuliza.

"Nimemaliza."

Akakita gongo chini, na nikajua anataka kufanya nini.

"Usiiname," nikasema. "Tupokigwe, mimi nakukataza. Utashindwa kuinuka, na hapa hakuna mtu."

"Tangu nina miaka minne watu wananiambia nisiiname," alisema. "Hata mama yangu sijawahi kumsalimia vizuri. Simama hapo hapo."

Nikasimama, mikono nyuma, kama kuruta. Chuma kikaenda mbele, paja likatetemeka, goti likagusa majani. Akainamisha kichwa chake mbele yangu.

"Ndaga, tata," alisema. Ndivyo tunavyoshukuru kwetu: asante, baba. Miaka yote alikuwa akiniita Mwalimu.

Kisha akaanza kuinuka. Mara ya kwanza gongo liliteleza, akakaa chini kwa kishindo. Mikono yangu ikatoka nyuma yenyewe.

"Bado," alisema, na mikono ikarudi.

Alifikiri kidogo, amekaa pale kwenye majani. Akajigeuza ubavu, akauvuta mguu wa chuma ukawa nyuma badala ya mbele, akashika gongo kwa mikono miwili moja juu ya nyingine, akasukuma kwa mguu wa kulia. Akafika nusu. Akakaa hapo nusu muda mrefu kuliko vita nzima niliyoipigana. Hakuwa na hesabu yangu. Ile aliyokuwa akiinong'ona ilikuwa yake mwenyewe. Akasimama. Akajipangusa goti, akavuta sketi yake, akanitazama kwa macho makavu, wakati mimi yangu hayakuwa na adabu yoyote.

"Hujaitikia, baba," alisema.

Nikajifuta uso kwa kiganja, nikamwitikia.